Virusi Wangu na Tetea wa Bibi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo Mwalimu Chediel wa Biolojia ametufundisha habari za faji. Ni virusi wanaokula bakteria tu, mtu hawamgusi. Hata bakteria wakienea kwenye damu mwili mzima na dawa zikashindwa, faji wanaweza kuwamaliza. Hupatikana kwenye maji machafu. Akaendelea kueleza wanavyosafishwa maabarani, lakini hapo nilikuwa natunga hotuba yangu ya ushindi.

Maana Ijumaa ni Nane Nane, na shule yetu ina meza kwenye maonyesho ya kata. Scola wa darasani kwetu ataleta volkano yake ya magadi, kama kila mwaka. Mimi nitaleta kuku aliyepona!

Mgonjwa yupo: tetea wa Bibi, anasinzia, mabawa chini. Bibi Luciana amesema kuku akisinzia huchinjwa kabla hajafa. Nimemwomba asubiri mpaka Alhamisi. Amekubali, huku akitafuta vitunguu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimechota maji ya lambo, pale ng'ombe wanapokunywa na kufanya mengine. Mwalimu alitaja chujio lisilopitisha hata bakteria. Nyumbani lipo la chai. Nimechuja mara mbili, kwa usalama.

Tetea kanyweshwa, akapiga chafya. Dalili njema.

Scola kachungulia uani, akasema dawa hiyo hata mwenyewe siwezi kuinywa. Nikanywa kikombe kizima. Akaziba pua!

Jumatano, 6 Agosti
Tetea amepinda shingo. Wenzake watatu wanasinzia. Nimemweleza Bibi kwamba faji huanza kazi polepole. Bibi kasema kifo pia.

Alhamisi, 7 Agosti
Tetea amekufa alfajiri. Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililouma.

Bwana Zefania, afisa mifugo, amepita. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza tiba yangu. Alinitazama sana.

"Binti, hiki ni kideri. Kideri chenyewe ni virusi. Hao wako wangekula nini?"

Akawachanja kuku waliobaki wazima, akaagiza aliyekufa afukiwe. Nimemfukia nyuma ya alizeti. Nimelia kidogo. Alikuwa kuku mpole.

Ijumaa, 8 Agosti
Volkano imeshika nafasi ya kwanza. Mezani kwangu kulikuwa na bango na tenga tupu. Msimamizi akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema ameruhusiwa.

Alhamisi, 21 Agosti
Nipo zahanati. Homa kali, tumbo, kichwa. Nesi Dorkas kasema ni homa ya matumbo, bakteria wameshaingia kwenye damu. Akauliza siku za nyuma nilikunywa maji gani. Bibi akajibu kwa niaba yangu, kwa kirefu.

Jioni Scola kaniletea uji. Kakaa pembeni ya kitanda, hata volkano hakuitaja. Nikamshika mkono, nikamwambia polepole kwamba kosa letu lilikuwa kuchagua mgonjwa tu. Sasa tunaye wa bakteria kabisa! Nimemwomba anichotee maji ya mfereji wa machinjioni, tena afanye haraka, kabla vidonge vya nesi havijaniharibia jaribio.