Bonyeza Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mama Meneja ametangaza. Ijumaa atamteua mhariri mkuu wa wiki, ile tovuti ya idara yetu ya maji ambayo kila mfanyakazi anaruhusiwa kuiandika na kuirekebisha. Cheo kina chumba chenye dirisha. Wagombea ni wawili. Mimi, mwenye kurasa ndefu kuliko zote. Na fundi mkuu tunayemwita Muhtasari, ambaye ukurasa wake wa kuwasha pampu baada ya umeme kukatika una mistari mitano. Mitano! Huo si ukurasa, ni risiti.

Nimemwambia mbele za watu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akajibu kwamba kwa urefu wa kurasa zangu, basi mimi nimeshakuwa walii. Wakacheka. Wajinga hucheka upesi.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Wasomaji wa wiki hurukaruka kama panzi. Wanaokota jibu, wanakimbia. Dawa yao ni njia. Chini ya kila ukurasa vitufe viwili, Nyuma na Mbele. Msomaji ashikwe mkono, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Mpangilio napanga mimi. Kwanza historia ya maji duniani. Kisha makala yangu ya kupinga ufupi, sehemu zote. Kisha majibu yangu kwa wapinzani wa makala hiyo. (Wapinzani hawajajitokeza. Nimewatungia hoja.) Pampu mwisho kabisa.

Mama Meneja kapita, kabonyeza Mbele mara mbili, kasema kazi safi, bwana, hata mgeni hatapotea. Muhtasari kanuna. Raha!

Jumatano, 5 Machi

Wasaliti wanaikwepa njia kwa kutumia kisanduku cha kutafutia. Nimekiondoa. Orodha ya kurasa nimeificha. Uhuru wa kusoma ovyo si uhuru.

Muhtasari kaja mezani kwangu. Kaka, mtu akiihitaji pampu sasa hivi je? Nimemjibu kwamba haraka haina baraka. Katikisa kichwa, kaenda zake likizo, anamwoza mdogo wake. Uwanja wangu!

Alhamisi, 6 Machi

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi. Pampu haikurudi. Zamu ilikuwa ya fundi mgeni, dada mtiifu kupita kiasi. Alifungua wiki akaanza ukurasa wa kwanza. Mji ukakauka.

Mke wangu akapiga simu. Baba watoto, mama yuko bafuni, povu limemjaa kichwani, maji yako wapi? Nikamshauri awe na subira. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe: “Muulize huyo mumeo, nijisuuze kwa makala?”

Nikakimbilia kituo cha pampu. Dada wa watu alikuwa amefika kwenye majibu yangu kwa wapinzani. Amesoma kila neno! Akasema hoja ya tatu haijamwingia vizuri. Kwa miaka yote hii, msomaji wa kwanza kuuliza. Ningefanyaje? Nikavuta kiti, nikamfafanulia.

Tulikuwa tunakaribia hoja ya nne Mama Meneja alipoingia, simu mkononi. Kwenye simu, Muhtasari, muziki wa harusi nyuma yake, akiitaja kwa kichwa mistari yake mitano. Pampu ikanguruma kabla sijamaliza sentensi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri mkuu ni Muhtasari. Chumba chake, dirisha lake. Kisanduku cha kutafutia kimerudi. Mama Meneja hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Kaagiza niwaombe radhi wenzangu kwenye wiki. Aya moja, bwana. Akarudia: moja.

Nyumbani mama mkwe kajifunga kilemba, hasemi nami. Kimya chake kirefu. Namheshimu kwa hilo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Aya moja ni dharau kwa watu waliokaa mchana kutwa bila maji. Wanastahili maelezo kamili. Basi, ukurasa wa kwanza: maana ya kosa. Wa pili: makosa ya shirika la umeme. Wa tatu: kwa nini mafundi wa siku hizi husoma polepole. Unaofuata: harusi, na wanaoziendea siku za kazi. Vitufe vya Nyuma na Mbele vimekaa barabara. Mama Meneja akizisoma mpaka tamati, atajutia kile chumba.

Neno samahani nimeliweka ukurasa wa mwisho. Kabla ya hapo nathibitisha kwamba halihitajiki.