Nati za Refti na Nati za Laiti

Jumatatu, 18 Agosti

Siku tano tu! Jumamosi binti yangu Wamboi anaolewa Ruiru, na ataenda kanisani kwa gari ya marehemu baba, Valiant ya mwaka 1965. Nilimwahidi akiwa darasa la pili. Juzi alinikumbusha kwa simu. Nikamwambia hata asiulize.

Injini inanguruma vizuri. Imebaki kubadilisha magurudumu tu. Tairi mpya ziko sebuleni, Beth mke wangu anazikwepa siku nzima akinung'unika. Za zamani hazitoki. Nati zimeshika kutu.

Upande wa laiti, wa dereva, zilitoka kwa jasho. Upande wa refti, wa abiria, wapi! Nikatia bomba kwenye spana, nikaning'inia. Zikazidi kukaza. Jirani yetu Githae, dereva mstaafu, akachungulia juu ya ua, akasema gari hizo za kitambo upande huo hufunguliwa kinyume. Ati meno ya boliti yamekatwa kuzunguka kwingine. Nikamwambia najua, nilikuwa naipima nguvu. Nikangoja aondoke ndipo nikageuza. Zikatoka! Lakini meno yameliwa na kutu, nati na boliti zake.

Jumanne, 19 Agosti

Sikulala vizuri. Nati hizi zikichanganyika, kwisha mimi. Nimetafuta makopo mawili. Lenye nati za refti nimeandika R kubwa, rangi nyekundu. La laiti nimeandika L. Hata mtoto wa nasari hawezi kukosea.

Eddie, ndugu yake Beth, akaja kutoka Ruiru na gari yake ya Harrier. Akazunguka Valiant ikiwa juu ya mawe. Akasema yake ataiosha Ijumaa, ikitokea lolote tu. Lolote gani? Shemeji huyu ananiombea mabaya huku akinywa chai yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempata Barasa! Anaishi hapa hapa mtaani kwetu Landless, na huko Eneo la Viwanda kazi yake ni kukata vyuma kwa mashine. Alikuja baada ya zamu na vyuma vyake vya duara, vya kukata meno. Anapaka oili, anazungusha kidogo mbele, anarudi nyuma, anapuliza vumbi. Boliti moja, nusu saa! Nikamwomba aongeze mwendo. Akaniambia chuma hakiogopi harusi. Lakini meno yalitoka safi, yanang'aa. Nikayagusa gusa kama mtu aliyepewa mjukuu.

Makopo ameenda nayo, nati azifanyie kazi kwenye mashine.

Alhamisi, 21 Agosti

Barasa amerudisha nati. Safi kabisa. Akasema kulikuwa na kosa kwenye makopo, amelirekebisha. Sikumuuliza kosa gani. Fundi lazima ajitafutie sifa.

Akaniagiza nisiguse kitu mpaka arudi kesho saa kumi. Na nati ni lazima iingie kwa vidole. Ikikataa, wacha. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Wamboi akapiga simu, akauliza maua afunge mbele au nyuma. Nikamwambia kotekote.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa tatu nimekaa. Saa tatu na robo nimesimama. Eddie ametuma picha ya Harrier ikiwa na povu. Nani anaweza kungoja saa kumi?

Nikachukua kopo la R, nikaenda upande wa refti. Nati ikakataa vidole. Nikasema ni upya, itazoea. Nikatwanga kidogo kwa nyundo. Nikatia spana. Nikatia bomba. Ikaingia ikilia! Zote zikaingia nusu, pande zote mbili, maana sipendi kazi ya kubagua.

Barasa akafika. Akaangalia, akashika kichwa. Meno aliyoyakata yote yamesagika, boliti tatu zimekatika. Akachukua kopo, akauliza R ni nini. Nikamwambia refti. Akaniomba nirudie. Refti! Kwani yeye hakusoma? Nikamwita Beth awe shahidi. Beth akasema wazi kabisa: refti ni R, laiti ni L. Barasa akakaa chini kwenye tairi. Akacheka mpaka machozi. Halafu akasema kwake R ni kulia, ndiyo maana alizibadilisha nati makopo, akaniuliza kwa nini sikuandika kulia na kushoto. Nani ameshawahi kuongea habari ya nati kwa Kiswahili sanifu?

Ngai! Boliti mpya hazipatikani leo. Nimempigia Eddie mwenyewe. Simu ngumu zaidi maishani mwangu. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamboi alitoka nyumbani kwa gauni lake, akasimama mbele ya Valiant iliyo juu ya mawe. Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema mwanangu, nimekukosea. Hakucheka, hakulia. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaniambia nami niingie. Tukakaa humo kama dakika tano, gari haliendi popote, ameshika mkono wangu wenye grisi hata hakujali gauni. Akasema baba, umenipeleka. Nikalia mimi.

Halafu tukaenda na Harrier. Eddie aliendesha polepole, apigwe picha zaidi.

Kabla Wamboi hajaondoka na mumewe aliniambia niitengeneze polepole, Disemba nikawachukue Ruiru waje nyumbani na gari ya guka, babu yake.

Jumapili, 24 Agosti

Barasa atachonga boliti mpya za magurudumu, wiki mbili. Ameniomba, tena ameniomba kwa heshima, nisiguse kitu.

Wiki mbili nimekaa tu! Na Disemba ndiyo hiyo! Nimetoka kanisani nikavua koti, nikaanza kufungua injini. Ndiyo, inanguruma vizuri, lakini je, ndani kuna kutu? Kufikia saa kumi nilikuwa nimemaliza. Boliti zote, nati zote, kubwa kwa ndogo, nimezimwaga kwenye karai moja. Githae akachungulia, akauliza nitajuaje ipi ni ya wapi. Nikamcheka. Vitu vikiwa mahali pamoja, vitachanganyika vipi?