Nafasi Kati ya Sikuli na Masika

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Wiki ya tano ya ndoa, na ya nne bila mke! Masika wangu, asali yangu, alikwenda Butembo kumwonyesha bibi yake mgonjwa picha za harusi. Vita vikafunga barabara nyuma yake. Simu zinakatika kabla sijamaliza kusema "mpenzi". Lakini kwa mjomba wake, alikofikia, hufungua ukurasa wa mtandaoni wa redio yetu kila jioni, kusoma matangazo ya watu waliopotezana. Na nani anayapanga? Mimi! Leo nimeweka langu: SIKULI, kisha nafasi tupu upana wa kioo kizima cha kompyuta, kisha MASIKA. Hiyo nafasi ni upweke wangu. Atalia! Nikahifadhi. Ukurasani: SIKULI MASIKA. Tumebanana kama abiria wa pikipiki moja.

Jumanne, 7 Novemba
Constant wa meza ya pili alicheka hadi akamwaga chai. Eti muzee, gonga nafasi mara moja au mara mia, mashine inahesabu moja tu. Wivu! Hana mke. Nikashusha mistari mitupu kati ya majina. Uzuri gani! Nikahifadhi, ikaifuta yote. Ninapoandika inakubali kila kitu, kama mkwe kabla ya mahari. Nikihifadhi, inageuka.
Nyumbani, mtaani Mabanga, nimepika fufu ya watu wawili. Tena. Sahani yake nimeitazama mpaka ikapoa.

Jumatano, 8 Novemba
Ushindi! Kwenye alama maalumu nimekuta kitu kiitwacho nafasi isiyovunjika, ambayo mashine haiwezi kuimeza. Nimeziweka mamia. Zimekaa!
Saa sita, balaa. Nafasi zangu zimetanua ukurasa, tangazo la maji ya kambi ya wakimbizi likasukumwa nje ya vioo vya simu. Akina mama wakaja mlangoni na bidoni zao za maji, tupu. Mukubwa wetu, Mama Apolline, akaniita "Papa Sikuli". Dalili mbaya. Akasema ukurasa huu ni wa watu wanaotafuta maji na watoto, si godoro la harusi yangu. Akafungua upande wa alama, zile amri zilizo nyuma ya ukurasa, akafagia. SIKULI MASIKA. Akaeleza kwamba mashine huambiwa kitu ni nini: kichwa, aya, orodha. Ukitaka nafasi zako zisiguswe, kuna alama ya maandishi yaliyokwisha kupangwa. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza shingo ya Masika.

Ijumaa, 10 Novemba
Amepiga! Sauti yake, jamani! Ameliona tangazo. Amelia. Amesema wengine wote wameandikiwa maneno marefu, fulani anamtafuta fulani. Sisi majina tu, yameshikana, hakuna hata barabara katikati. Amelala na simu kifuani. Kisha mtandao ukakatika.
Sikuwahi kumwambia kwamba ni kosa la mashine. Maskini mke wangu, hajaona bado nilichokusudia! Kesho Mama Apolline hayupo. Nitaingia mapema, niweke nafasi maradufu.