Kisima cha Mtego Kitanga

Jumatatu, 3 Machi 2014
Ramani ya kijiji cha Kitanga ninayo! Njia zote, visima vyote. Therese, mkimbizi Mkongomani wa kambini Nyarugusu, na wenzake waliichora kwa programu ya bure. Wamenipa nakala kwa sharti moja: majina yao yabaki na kila mtu aruhusiwe kuitumia. Kila mtu! Sasa mimi na duka langu la fotokopi tule nini? Nimefuta majina, nimeweka langu, nimefunga faili kwa nywila ndefu. Nywila nimeihifadhi ndani ya faili hilohilo, isije ikapotea. Halafu nimechora kisima kimoja cha uongo, kwa mama mkwe, Bi Safina. Atakayeiba ramani, kisima kitamuumbua. Nina akili mimi!

Jumanne, 4 Machi
Bwana Stanislaus wa mradi wa maji kaichukua, nimemchapia kwenye karatasi. Ijumaa anapitisha vitongoji vya kuchimbiwa visima. Nimemwambia faili lake limefungwa, halichezewi na mtu. Kafurahi.

Jumatano, 5 Machi
Lahaula! Kitongoji cha mama mkwe kimekatwa. Eti kina kisima tayari! Bi Safina kampeleka Stanislaus nyuma ya nyumba, kamwonyesha migomba mitupu. Kajibiwa kwamba ramani imefungwa, haiwezi kukosea. Mama wa watu na magoti yake mabovu, kila siku anapanda kilima na ndoo. Mke wangu Asmahani anauliza mjinga gani kaichora. Nimesema nitafuatilia.

Alhamisi, 6 Machi
Nikifute kisima. Faili linataka nywila. Nywila imo ndani ya faili! Nimejaribu jina la mke, la mbuzi, langu kwa herufi kubwa. Wapi! Nimemfuata Therese sokoni Makere, nikamweleza yote. Kacheka mpaka kakaa chini. Kaniuliza, papa Khamisi, kitu cha watu wote unakifungia nini? Kanipa nakala nyingine, bure tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwahi Stanislaus kalamu ikiwa mkononi mwake, hajasaini, nikampa ramani mpya. Nimemwambia ile ya kwanza ilikuwa na hitilafu ya kitaalamu. Kitongoji kimerudi! Bi Safina kaniombea dua. Nimeona aibu kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Stanislaus sasa anataka ramani ya mtaa wetu, hapa Kasulu. Therese anayo, kanipa. Nimeifunga. Safari hii nywila iko kwenye karatasi. Mtego lazima uwepo, ila sitaki kumuumiza mtu tena, kwa hiyo kisima cha uongo nimekichora uani kwangu. Nimeshaipeleka. Asmahani kaingia na ndoo kichwani, anahema, kauliza maji yatatufikia lini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ramani nimeishughulikia mwenyewe.