Kaske ya Kaporali

Asubuhi ile pale Magarama, Gitega, kwenye benchi la kahawa la Zaituni, Houssein alifika na habari kabla ya salamu. Mtu huyu alilala na redio akaamka nayo, ndiyo maana walimwita Masafa Mafupi.

"Sikieni! Amerika wanaponya wanajeshi na kaske, kofia ngumu ile! Wale walitoka vitani, usingizi ukakataa. Wanavalishwa kaske iko na televisheni ndogo mbele ya macho, wanaonyeshwa vita ile ile, ta-ta-ta, mpaka woga unachoka wenyewe!"

"Yaani mtu ameungua, unamtibu na makaa?" Zaituni akauliza, birika mkononi.

"Ni siansi, dada!"

"Basi Burundi yote iko hospitali. Siye vita tunaonyeshwa bure kila jioni, bila kaske, miaka yote hii. Mbona hatuponi?"

Wakaangua kicheko. Amissi, fundi viatu, hakucheka. Huyo ndiye Kaporali. Jeshi lilimrudisha kutoka milima ya Muyinga na jeraha la paja na karatasi yenye muhuri. Karatasi haikusema neno juu ya usingizi. Kila alipofumba macho, Bahati, mwenzake wa handaki moja aliyeuawa kule, alimwita kwa jina, naye Amissi kila mara alichelewa kumwonya.

"Kaporali, we unasema nini?" Masafa akamuuliza.

"Mi nasema niacheni nishone."

Wamwache? Wapi! Mustafa, muuza vidonge aliyekulia Kigoma na kujiita Dokta, aliinuka ndani ya kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akachomoa kaske ya pikipiki chini ya benchi.

"Ndugu zangu, mashine hii hapa! Tiba ya Amerika, daktari wa Kigoma!"

"Mvalishe!" wengine wakadakia.

Kaporali alitaka kukataa. Lakini ile ilikuwa siku ya nne hajalala, na mfa maji haachi kutapatapa. Akainamisha kichwa. Masafa akaigonga kaske kwa vidole, ta-ta-ta. Dokta akapiga sinia kwa kijiko, bum!

Ndani ya kaske Muyinga ikarudi yote, na ukungu wake. Akamwona Bahati akiinua kichwa. Safari hii hakuchelewa.

"Laleni chini!"

Benchi zima likalala. Dokta na kanzu yake kwenye tope la maji ya vikombe. Masafa juu ya redio. Zaituni nyuma ya jiko. Hata mpita njia mwenye baiskeli ya ndizi alilala pamoja na ndizi zake, bila kuuliza nani kasema.

Kaporali akavua kaske. Akawatazama walivyojipanga, vifua chini, viganja kisogoni, kama kikosi kilichofuzu kambini. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa yote ya kicheko.

"Nimevaa mimi, mumelala nyinyi. Bon, basi mugonjwa ni nani?"

"Kanzu ya Ijumaa hii, bwana!" Dokta alilia akijipangusa.

"Ni siansi," Kaporali akamjibu.

Ghafla kila mmoja akakumbuka ana kazi mahali fulani. Wakatawanyika bila kuagana. Zaituni tu ndiye aliyebaki ardhini. Kaporali akamnyooshea mkono.

"Dada, simama. Imeisha."

"Nisimame nifanye nini? Jioni risasi zikianza, si nitalala tena? We niletee mkeka tu."