Sanduku Namba Themanini na Nane

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya. Mkuu mpya wa mitambo ya chuo ameleta orodha. Huyu mama kila aendapo ana orodha, hata chai anakunywa nayo mkononi, ndiyo maana nimempa jina la Bi. Orodha. Humu kwenye shajara tu. Mbele yake ni "bosi". Amehesabu masanduku ya barua pepe kwenye seva yangu: mia mbili na kumi na manne. Watumishi walioko kazini ni mia moja thelathini na mmoja. Akauliza hao wengine ni akina nani. Nikasema wastaafu, waliohama na marehemu. Akasema wastaafu wabaki kwa heshima yao. Waliohama na marehemu wafungwe kufikia Ijumaa saa sita mchana. Atakayewaandikia arudishiwe barua yake na maneno "Mpokeaji hajulikani".

Nikaitikia ndiyo, bosi. Kisha nikaenda chumba cha seva, nikakaa kwenye kiti changu, nikashika tama.

Namba themanini na nane kwenye orodha ni Mama yangu. Alikuwa mkutubi wa chuo hiki. Ana mwaka mmoja na miezi miwili kaburini. Na Baba, karani mstaafu wa masijala ya hapa hapa, humwandikia barua pepe kwenye sanduku hilo kila siku saa moja asubuhi. Hakosi. Barua inafika, hairudi, naye anaridhika.

Mimi sisomi barua za watu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, na nimeishika miaka kumi na tisa. Nafungua tu kuhakikisha maneno yamefika bila kuharibika. Ya leo imefika salama: bomba la uani linavuja, goti la kulia linamsumbua, paka wa jirani amezaa tena chini ya kabati la vitabu, na mtoto wetu wa kiume hajaonekana wiki ya tano sasa, bila shaka kazi ni nyingi. Mwezi uliopita barua moja ilisema dawa ya goti imekwisha. Kesho yake, kwa bahati tu, nikamtumia chupa mbili kwa mtu wa pikipiki.

Mzee wa miaka sabini na mmoja, mwenye presha, aambiwe na mashine kwamba mke wake wa ndoa ya miaka arobaini na miwili "hajulikani"? Sikubali. Maadamu vidole vyangu viko kwenye kibodi hii, haitatokea.

Dada amepiga simu mchana. Ni muuguzi, yuko mbali, na ana sauti ya kuamrisha wagonjwa. Nikamweleza. Akasema nenda nyumbani, kaa na Baba, zungumza naye, ni nusu saa tu kwa basi. Nikamwambia jambo hili ni la kitaalamu.

Jumanne, 10 Machi

Hila ya kwanza. Nimembadilisha Mama jina. Amri moja kwenye skrini nyeusi, mstari mmoja, na mkutubi marehemu akawa "Maktaba, Dawati la Msaada". Nani atathubutu kufunga dawati la msaada?

Bi. Orodha. Alimpigia simu mkutubi wa sasa kumuuliza kama analitumia. Mkutubi wa sasa, mtu asiyeweza kutunza siri hata dakika moja, akasema hajawahi kulisikia. Nikaitwa. Nikajitia hamnazo. Bi. Orodha akasema, kwa upole, kwamba ameirudisha namba themanini na nane mahali pake, kisha akaipigia mstari kwa rula. Upole wake ndio unaoniudhi.

Tangu hapo ananiandikia kila baada ya dakika chache. Umefunga mangapi? Umefika wapi? Barua kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Mtu hawezi kupanga njama kwa utulivu namna hii. Nikaandika kiprogramu kidogo. Kila barua inayoingia kwangu inajibiwa papo hapo: "Sipo ofisini kwa sasa. Nitajibu ujumbe wako nitakaporudi." Na kwa kuwa nina anwani tatu, ya jina langu, ya msaada na ya malalamiko, nimekipa adabu: jibu linatoka kwenye anwani ile ile uliyoiandikia. Kazi safi. Fundi mwingine asingewaza hilo.

Saa tisa Bi. Orodha alikuja mlangoni, akanikuta nimekaa. Akasema ameambiwa sipo. Nikasema ndiyo kwanza nimerudi.

Jumatano, 11 Machi

Akili ni mali. Hila ya pili imenijia nikinyoa ndevu. Kwa nini nipigane na orodha? Sanduku la Mama lifungwe, sawa. Lakini seva ina faili la majina, linaloielekeza kila barua iende wapi. Nikaongeza mstari mmoja: za Mama zije kwangu. Kwenye orodha hayupo tena. Baba anaandika, barua haigongi ukuta, inaingia sandukuni mwangu kimya kimya. Hakuna wa kumwambia mtu hajulikani.

Nilimfuta Mama saa tano na dakika kumi. Kabla ya kubonyeza nilisita. Sijui kwa nini, ni amri kama amri nyingine. Barua zake nilizihifadhi pembeni kwanza. Moja alikuwa ameniandikia mimi, miaka minne iliyopita, akiniuliza kama nimekula. Sikuwa nimeijibu.

Nikabonyeza. Nikapeleka taarifa kwa Bi. Orodha: yote yamefungwa, siku mbili kabla ya muda. Akanisifu mbele ya watu. Dada alipopiga nikamwambia mambo yamekwisha. Akauliza kama nimekwenda kwa Baba. Nikamwambia haikuwa lazima.

Barua ya Baba ya asubuhi: maji ya bomba sasa yanafika kwenye ngazi. Ameweka ndoo.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwisha.

Saa moja kamili Baba alimwandikia Mama. Barua ikaja kwangu, kama nilivyopanga. Ikaingia kwenye sanduku langu, ambamo kinakaa kile kiprogramu changu chenye adabu, na mimi nilikuwa nimekisahau. Kikajibu. Na kwa adabu yake, kikajibu kutoka kwenye anwani iliyoandikiwa.

Yaani saa moja na sekunde mbili asubuhi, Baba amepokea barua kutoka kwa Mama: "Sipo ofisini kwa sasa. Nitajibu ujumbe wako nitakaporudi."

Niliyaona hayo kwenye kumbukumbu za seva. Nikaandika mailq, amri inayoonyesha barua ambazo bado ziko kwenye foleni, nikiomba iwe haijatoka. Seva hii siku zote ni nzembe. Barua za mkuu wa chuo zimewahi kulala foleni siku tatu. Leo ikasema foleni ni tupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ningeweza kumpigia simu. Niliishika kabisa. Lakini ningeanzia wapi? Kwa hiyo, hila ya tatu. Ukiwa kwenye skrini nyeusi unaweza kutuma barua kwa jina la mtu yeyote: unataja mtumaji, unataja kichwa cha habari, unaandika, unamaliza kwa nukta. Nilihangaika na maneno dakika arobaini nikitafuta sauti inayomfaa. Ikatoka hivi, kwa jina la Mama: "Tafadhali puuza ujumbe uliotangulia. Samahani kwa usumbufu."

Ilipotoka tu nikajua nimeharibu zaidi. Nikakizima kile kiprogramu, nikakaa nasikiliza feni za seva. Baba hakujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ijumaa, 13 Machi

Saa moja, hakuna barua. Saa moja na nusu, hakuna. Mara ya kwanza kwa miezi kumi na minne. Nikaizima seva na kuiwasha mara mbili, huenda kosa ni lake. Nikajitumia barua mwenyewe, ikafika. Hapo nikaogopa kweli. Nikampigia Baba simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikavaa koti niende.

Saa tatu akatokea mwenyewe kwenye korido. Koti lake la masijala, viatu vimepigwa rangi, bahasha ya kaki kwapani. Akanipita, akaingia kwa Bi. Orodha. Walikaa humo karibu saa nzima. Nilisimama nje na waya mkononi ili nionekane nina shughuli. Mara moja niliwasikia wakicheka.

Kisha akaja chumba cha seva. Nikampa kiti changu. Aliitikia shikamoo yangu, akafungua bahasha, akatoa zile barua mbili. Alikuwa amezichapisha na kuzigonga mhuri wa tarehe, kila moja kwenye pembe ya juu, kama enzi zake.

Akasema kwa miaka arobaini na miwili mke wake hakuwahi kumwomba samahani kwa usumbufu, na usumbufu ulikuwepo. Akasema anajua kwamba amekufa. Alitia udongo kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Aliyekuwa anadanganyika humu ni mmoja tu, na si yeye.

Nikamuuliza sasa alikuwa anamwandikia nani.

Akaniangalia namna anavyomwangalia mtu aliyepoteza faili. Akasema amekaa masijala miaka thelathini na moja, na haikupita barua mezani pake asijue inasema nini, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Akiniandikia mimi, namjibu "Sawa Baba" siku ya nne. Maneno mawili. Akimwandikia Mama kwamba dawa imekwisha, kesho yake dawa inafika kwa pikipiki. Sasa angefanyaje? Aliandika kule alikojua anasomwa. Akasema sanduku la Mama lifungwe kabisa, apumzike. Yeye hataki makubwa. Bomba linavuja. Nije Jumapili na spana, nitengeneze, tule pamoja, basi.

Nililia. Niligeukia seva nikajifanya nakagua taa zake. Akanishika bega, akasema haya, fanya kazi, akatoka. Nikaufuta ule mstari wa Mama. Nilisita tena, lakini nikaufuta.

Bi. Orodha alimsindikiza hadi getini. Aliporudi akaniambia Mzee amemfundisha kupanga faili, naye amemfundisha Mzee jambo moja dogo la kompyuta. Sikuuliza lipi. Nilikuwa natafuta spana.

Jumapili, 15 Machi

Spana ilikuwa kwenye mfuko. Viatu nimeshavaa. Ndipo nikafikiri kwa kina. Kwenda leo ni vizuri, je, Jumapili ijayo? Nikiugua? Mvua ikinyesha? Tatizo letu la msingi si bomba. Tatizo ni kwamba mawasiliano yetu yanategemea binadamu, na binadamu husahau. Seva haisahau.

Nikampigia Baba, nikamwambia imetokea kazi ndogo. Akasema haya.

Kutwa nzima niko ofisini, na nimemaliza. Kuanzia kesho, kila siku saa moja asubuhi, seva itamwandikia Baba kwa jina langu. "Shikamoo Baba. Mimi mzima. Goti linaendeleaje? Jumapili nitakuja kutengeneza bomba." Nimeandika barua saba tofauti, asichoke. Na yeye akiandika lolote linajibiwa papo hapo, kila mara bila kukosa, tena kwa maneno mengi, si mawili: "Nimefurahi sana kupata barua yako, Baba. Tafadhali niandikie tena." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimemsikia Baba, na nimelifanyia kazi.

Jumatatu, 16 Machi

Saa moja kamili barua yangu ya kwanza imetoka. Saa moja na sekunde mbili Baba amejibu: "Sipo nyumbani kwa sasa. Nitajibu ujumbe wako nitakaporudi."

Kumbe hilo ndilo jambo dogo la Bi. Orodha. Kabla sijaweka kikombe chini, programu yangu ilikuwa imeshamwambia kwamba nimefurahi sana kupata barua yake, aniandikie tena. Akaandika tena. Hayupo nyumbani. Nikafurahi sana. Hayupo. Nikafurahi. Kufikia saa tatu tumeandikiana barua elfu sita na mia mbili, na chuo kizima hakuna mwingine anayeweza kutuma hata salamu. Bi. Orodha amesimama mlangoni. Leo hana orodha.

Dada akapiga. Amezungumza na Baba. Akasema jana Baba alipika chakula cha watu wawili, akaweka viti viwili uani karibu na bomba, akakaa pale mpaka jua likatua. Halafu akaingia ndani, akafungua kompyuta, akasema basi na yeye hayupo. Asubuhi hii ameita fundi wa bomba. Kisha Dada akaniuliza kama nina haya hata kidogo.

Nikamwambia hajaelewa. Nikamsomea namba kwenye skrini, na hata nikiwa namsomea zilikuwa zinaongezeka. Tangu nizaliwe, mimi na Baba hatujawahi kuzungumza kiasi hiki. Akakata simu. Sijui kwa nini katika familia hii watu hawapendi mazungumzo marefu.