Matetemeko Chini ya Jiko Langu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata akili. Imechelewa miaka thelathini na tisa, lakini imefika.

Jumamosi kamati ya kijiji itakaa kuamua chekechea ijengwe wapi. Viwanja ni viwili. Cha kwanza ni changu, kile cha ufukweni nyuma ya jiko letu. Cha pili ni cha shemeji yangu Samsen Moli, kaka wa mke wangu, juu kilimani kando ya kilabu chake cha kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza viungo. Chekechea itakapojengwa, ndipo barabara na bomba la maji vitakapofika. Nataka bomba lifike kwangu. Samsen anacho kila kitu tayari. Ana kilabu. Ana sauti nzito kanisani. Ana nguruwe ambaye meno yake yamejipinda duara kamili, watu wanatoka mjini Luganville kuja kumpiga picha. Mimi napigwa picha Krismasi tu, tena nyuma ya watu warefu.

Mpango ni huu. Chifu Tarivuti anaogopa matetemeko kuliko anavyomwogopa mama yake, na mama yake anaogopwa na kijiji kizima. Basi nitachora kwa kompyuta ramani ya matetemeko yote ya kisiwa chetu cha Santo, nimwonyeshe kwamba kilima cha Samsen ndicho kiini cha balaa. Sayansi! Samsen atajibu nini? Ataimba?

Kompyuta ni ya mke wangu, Rolenas, anayefundisha hesabu sekondari. Nikamwambia naiomba kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na nguruwe. Lakini amenipa.

Lugha ya kuandikia programu inaitwa Python, yaani chatu. Nimekutana na Chifu njiani nikamdokezea kwamba kuna kazi kubwa naifanya na chatu, kwa faida ya watoto. Aliuliza kama amefungwa vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Nimeangalia video za mafunzo tangu asubuhi. Kijana mmoja kwenye video anasema mtu yeyote anaweza. Nimemwamini mara moja. Ana uso wa ukweli.

Nimepakua jedwali la matetemeko ya miaka mingi. Kila mstari una saa, mahali, kina na ukubwa. Programu ikagoma. Maandishi mekundu skrini nzima. Kumbe nilisahau kufunga mabano. Nikafunga. Mekundu tena. Kumbe nilifunga mawili.

Halafu nikagundua uchafu. Mbele ya kila namba ya latitudo kulikuwa na kistari kidogo, kama mtu aliyechapa alikuwa na kikohozi. Nikaviondoa vyote kwa amri moja. Data ikang'aa.

Ramani ikatokea! Nikapiga kelele hadi kuku wakatoka chini ya meza. Vidoti vizuri vyekundu, vingi kama upele. Ila kisiwa chetu kilikuwa cheupe kabisa, hakina hata kimoja, na vidoti vyote vilikuwa vimejazana katikati ya bahari, kaskazini kabisa ya ikweta, mahali pasipokaa mtu.

Rolenas alirudi kutoka shule, akatazama bila hata kuvua mkoba. Akaeleza kwamba kile kistari ndicho kinachosema tuko kusini mwa dunia. Nimehamisha matetemeko ya taifa zima bila kuaga.

Nimevirudisha. Mtu mkubwa hujisahihisha.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi na msiba siku moja.

Asubuhi nilitaka kila tetemeko liwe na duara, kubwa liwe na duara kubwa. Nikazidisha kidogo ili lionekane vizuri kutoka benchi za nyuma. Duara la kwanza likafunika visiwa vya Santo, Malo na Malekula, na nusu ya skrini. Nikapunguza. Safi sana. Ramani sasa inavutia kiasi kwamba mchungaji, aliyepita kuomba chumvi, alikaa akaitazama akasahau chumvi.

Msiba ni kwamba ramani haisemi ninachotaka. Vidoti karibu vyote viko baharini, magharibi, vimejipanga mstari kama watu wanaosubiri mkate. Kilima cha Samsen hakina kitu. Kiwanja changu nacho hakina kitu.

Rolenas akaketi kando yangu, akaanza kufurahi kwa namna iliyonitia wasiwasi. Akasema ndivyo ilivyo, kule magharibi sakafu ya bahari inajisukuma chini ya visiwa vyetu, na ndiyo maana tunatikiswa. Akasema kwangu na kwa Samsen ni hatua chache tu, ardhi ikitikisika inatikisa wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja yuko juu na mwingine yuko usawa wa bahari. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Bernas, hii ramani unamchorea nani?"

Nikamwambia watoto. Akaenda kusahihisha madaftari. Kalamu nyekundu ya Rolenas ina sauti.

Alhamisi, 6 Juni

Data ya wageni haiwezi kujua mambo ya kijiji. Inahitaji kusaidiwa na data ya wenyeji.

Jioni nikapanda kwa Samsen. Kilabu kimejaa, wanaume wanakunywa kava kwenye vifuu, kila mtu anatema mate pembeni na kuongea kwa kunong'ona. Nikanunua kifuu kimoja kwa heshima, kisha nikapita benchi kwa benchi na simu yangu, nikiuliza: ndugu, umewahi kuhisi ardhi ikitikisika ukiwa hapa?

Wamehisi! Wote! Mmoja alisema anahisi kila Ijumaa, hasa akisimama. Mwingine alisema yeye anahisi hata sasa hivi, akanishika bega. Mzee mmoja alisema kilima kizima humfuata hadi nyumbani. Nikaandika kila kitu. Sikuweka swali la vifuu vingapi, kwa sababu sayansi lazima iwe na mipaka.

Samsen akaja na taulo begani, akauliza nafanya nini. Nikasema utafiti. Akasema vizuri sana, shemeji, kijiji kinahitaji watu kama wewe, akaniletea kifuu cha pili bure. Mtu huyu hana aibu. Anakuwa mwema makusudi ili nijisikie vibaya.

Nilipokuwa nashuka nilihisi tetemeko magotini. Nimeliandika pia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeingiza ripoti zote kwenye programu. Kila ripoti inahitaji mahali, la sivyo programu inagoma. Jumanne, nilipokuwa najifunza, nilikuwa nimeandika mahali pa kujaribia, kwa hiyo muundo ulikuwepo tayari. Nikabandika ripoti zote chini yake. Programu ikapita bila neno jekundu hata moja. Mara ya kwanza! Nikacheza peke yangu kati ya meza na kabati.

Sikufungua ramani ya mwisho. Kwa nini nifungue? Mpishi mzuri haonji mara mbili. Nikaenda kunyolewa, nikapiga pasi shati la maua.

Rolenas aliniuliza kama nimekagua. Nikasema nimekagua.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haya nikiwa kilimani, nimekalia gunia la Samsen, nimejifunika taulo la Samsen. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tulikutana ukumbi wa kanisa, ule ulio karibu na ufukwe. Kijiji kizima. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka. Chifu alikuwa katikati, na mama yake, Bibi Leitare, benchi la nyuma, mguu wake mbaya umewekwa juu ya kiti. Samsen alizungumza kwanza. Alisema kilima ni cha watoto wakikitaka, wasipokitaka pia sawa, akaketi. Hotuba gani hiyo?

Nikasimama. Nikazungumzia sayansi, ukweli na mustakabali. Nikasema nimekusanya matetemeko ya dunia na ya kijiji, na kwamba kompyuta haina shemeji wala jirani. Nikasema sasa mtaona wenyewe ni kiwanja gani kimelaaniwa. Nikawasha ramani ukutani kwa projekta ya kanisa.

Duara jekundu. Kubwa. Limeiva kama embe. Halikuwa kilimani. Lilikuwa ufukweni, na katikati yake kabisa, kwa usahihi wa kushangaza, jiko langu.

Mtu wa nyuma akaanza kucheka kwa pua. Nikaelewa palepale. Mahali pa kujaribia nilipopaandika Jumanne palikuwa nyumbani kwangu. Magoti ya walevi wote wa kilabu yalikuwa yametikisa jiko langu.

Chifu akaniuliza kwa huruma kama kuna watu wanaoishi humo. Nikaanza kueleza kwamba duara hilo lisomwe kinyume. Rolenas alikuwa amejifunika uso kwa mikono, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Ndipo benchi likasogea. Nikadhani ni kicheko. Kisha taa ikayumba, ukuta ukalia, ramani ikaanza kwenda kulia na kushoto ukutani, na watoto wakashikana. Tetemeko liliendelea. Likaendelea tu. Nilimshika Samsen mkono. Sijui nani alianza.

Lilipotulia, Rolenas alikuwa ameshasimama juu ya benchi. Akasema kwa sauti ya darasani:

"Wote kilimani. Sasa hivi. Hakuna kusubiri king'ora, hakuna kurudi nyumbani."

Watu wakatoka. Samsen alibeba watoto wawili mara moja, huku na huku kama ndoo. Mimi nilibeba kompyuta. Nilikuwa mlangoni, nimeikumbatia, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe wa chatu. Mimi je?"

Bibi Leitare alikuwa bado benchini na mguu wake. Chifu alikuwa ameshatoka na wajukuu, akidhani mama yake amechukuliwa na wengine. Nikaitazama kompyuta. Nikamtazama Bibi. Nakiri nilitazama mara mbili. Kisha nikaiweka kompyuta kwenye benchi, nikainama, akanipanda mgongoni.

Bibi si mwepesi. Njia nzima alinielekeza kwa kunivuta sikio, kulia, kushoto, epuka mzizi huo, mbona unapumua hivyo. Nilimpita mchungaji. Nilimpita mtu mwenye baiskeli. Sijawahi kukimbia hivi, hata siku nilipofukuzwa na nguruwe wa Samsen.

Tulipofika juu tukageuka. Bahari ilikuwa imeondoka. Miamba ilikuwa wazi, inang'aa, samaki wanarukaruka. Watoto wakanyoosha vidole. Kisha ikarudi, si kwa kelele niliyoitegemea, bali kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Ikaingia ukumbini. Ikaingia kiwanjani kwangu. Ikalinyanyua jiko langu lote, na paa lake la makuti, ikalipeleka polepole kama mgeni anayesindikizwa.

Rolenas na Samsen waliwahesabu watoto, kisha wakawahesabu tena. Wote wapo. Rolenas akakaa chini ghafla, sasa analia kweli. Nikakaa naye. Nilikuwa nikifikiria wale watoto kwenye mikeka, siku ya kawaida, kwenye kiwanja changu. Nikashindwa kuendelea kufikiria.

Samsen akaja na kifuu cha kava.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Ramani yako haikukosea. Hatari ilikuwa chini ya jiko lako."

Nilitaka kukasirika. Nikacheka hadi kava ikatokea puani.

Jumapili, 9 Juni

Ibada ilifanyika kilimani, chini ya turubai. Maji yameshatoka ukumbini, yameacha matope na kamba mmoja mkubwa kwenye kiti cha Chifu. Kompyuta tumeipata mtini. Haiwaki. Rolenas alisema kompyuta hununuliwa, Bibi Leitare hanunuliwi. Nilijibu kwamba kwa uzito ule haiwezekani hata kumpima. Alinipiga kwa kanga, lakini kidogo.

Kamati ilikaa hapohapo. Chekechea kilimani. Mikono yote juu, wangu wa kwanza, na niliunyanyua kwa moyo wote. Chifu akanishukuru mbele ya watu kwa kumbeba mama yake. Bibi akaongeza kwamba mgongo wangu una mfupa unaochoma, ila nia yangu ni nzuri. Watu walipiga makofi. Kwa ajili yangu!

Rolenas alipika laplap, magimbi yaliyokunwa na kufungwa majani, kwenye mawe ya moto ya Samsen, tukaila juu ya majani yake. Akaniomba kitu kimoja. Niichore ramani upya, ya kweli, bila magoti ya mtu, tuibandike chekechea ili watoto wajue mambo yanatoka wapi na wakimbilie wapi. Nimekubali. Nimemshika mkono nikamwapia kwamba sitacheza tena na namba za watu. Nilimaanisha kila neno. Machozi yalinitoka.

Jumanne, 11 Juni

Nimebadilika kabisa. Mtu mpya. Jana nimebeba mbao mchana kutwa bila kuombwa zaidi ya mara tatu.

Leo Chifu ametangaza kwamba chekechea itapewa jina la mwanakijiji aliyeonyesha moyo Jumamosi, na kila mtu atapiga kura. Watu wananong'ona jina la Rolenas. Wengine la Samsen, kwa sababu ya wale watoto wawili. Bibi Leitare anataka liwe lake, anasema yeye ndiye aliyeongoza njia.

Nikajitolea kuhesabu kura. Nimeazima kompyuta ya mchungaji, na programu imeshaanza kuandikwa. Rolenas aliuliza kwa nini programu, wakati watu wote wanaenea chini ya turubai moja na wana mikono. Nikamweleza kwamba kura hazilingani, kwamba lazima zipimwe kitaalamu kwa umbali mtu aliokimbia na uzito aliobeba.

Chekechea ya Bernas Vira. Nimelitamka mbele ya kioo cha Samsen, kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya mwalimu anayeita watoto ndani. Linatoka vizuri zaidi kwa sauti ya mwalimu.